Papa Nyuma ya Ukuta

Nimecheza mpira wa kikapu mbele ya watu wengi nisiowajua. Nimecheza Kinshasa, nimecheza Luanda, ndani ya kumbi zenye taa kali na sakafu ya mbao, mbele ya watu waliolipa kiingilio wakanitukana kwa lugha nisiyoijua. Wakubwa wa serikali wamenipa mkono. Watoto wa shule wameniomba niwawekee sahihi kwenye viatu vyao. Mtu mmoja tu, miaka yote hiyo, hakuwahi kuniona nikicheza, naye ndiye aliyeninunulia mpira wa kwanza.

Mtu huyo ni papa, baba yangu. Sababu yake ni fupi kuliko kaptura ninayochezea: ni mapaja yangu.

Kwetu, upande wa Bukavu walikotoka wazazi wangu, baba haangalii mapaja ya binti yake akishakua. Hakuna aliyetukalisha chini kutufundisha jambo hilo. Uko nyumbani umevaa kaptura, unasikia baba anakohoa langoni, mkono unakwenda wenyewe kwenye kikwembe, kitenge chako cha nyumbani, na unakifunga kiunoni kabla hajaingia. Na baba naye anakohoa makusudi, akupe nafasi. Ni heshima ya pande mbili na haina kelele ndani yake. Ingekuwa amri ningeipinga, maana mimi ni mtu wa kupinga, lakini utampingaje mtu anayekohoa?

Tulikaa Goma, mtaa wa Mapendo. Papa alikuwa karani wa depo moja huko Birere, kazi yake kuandika magunia ya maharagwe na katoni za sabuni zinazoingia na kutoka. Mimi nilirefuka haraka kiasi cha kumtia mama wasiwasi. Kila nguo aliyonishonea ilinifaa kwa muda mfupi, kisha akapewa dada yangu. Jioni moja papa alirudi kutoka Birere na kitu cha duara kwapani, kimefungwa kwa magazeti kama kabichi. Akakiweka mezani mbele yangu.

"Hii urefu yote haiko ya kutungua avoka ya batu tu," akasema, maana majirani walizoea kuniita niwachumie maparachichi. "Enda ufanye nayo kitu."

Nikaenda. Uwanja wetu ulikuwa wa parokia, kule Majengo, saruji iliyomwagwa juu ya mawe ya volkano, na saruji yenyewe ilikuwa imechoka. Ukianguka pale, vumbi jeusi linaingia ndani ya kidonda na kubaki humo. Magoti yangu hadi leo yana madoa meusi, na daktari wa timu kule Luanda aliwahi kuniuliza ni ugonjwa gani. Kuzunguka uwanja kulikuwa na ukuta wa mawe hayo hayo, mrefu kupita mtu, na nyuma yake kijia ambapo mama mmoja alikaanga mandazi.

Ni kwenye kijia hicho nilikomkuta papa. Nilikuwa bado mwanafunzi. Mechi ilikuwa imekwisha, tulikuwa tumeshindwa, na nilitoka kwa hasira huku nafunga kikwembe. Papa alikuwa amekaa juu ya jiwe, mgongo ameuegemeza ukutani, gazeti limefunguliwa mapajani. Gazeti lilikuwa la zamani, nililitambua, ni lile lililofungia mpira.

"Papa, uko unafanya nini hapa?"

"Niko nasoma."

Tukatembea hadi karibu na nyumbani. Ndipo akaniuliza, macho yake barabarani, "Ile mbili za mwisho, juu ya nini umekosa?"

Alikuwa anasema ile mitupo miwili ya bure ambayo mwamuzi hukupa ukichezewa vibaya. Kweli nilikosa yote miwili. Nikamuuliza amejuaje.

"Chuma ililia, batu bakanyamaza. Ikalia tena, bakanyamaza tena. Ingekuwa imeingia bangepiga kelele."

Tangu siku hiyo nilijua kwamba nyuma ya ukuta kuna sikio langu. Hatukulizungumza. Yeye aliendelea kuja na gazeti lake, na mimi nikaanza kumsaidia. Kabla ya kutupa mtupo wa bure, nilikuwa naudunda mpira chini kwa nguvu, kwa mwendo wangu mwenyewe, polepole kisha haraka, ili ajue kwamba ni mimi niliyesimama pale. Kocha alinikataza. Alisema nachelewesha mchezo. Sikumwambia kitu, na sikuacha.

Halafu basketi ikawa kazi. Klabu moja ya Kinshasa iliniita, nikaondoka kwa ndege, na kwenye uwanja wa ndege papa alinishika mkono kwa muda mrefu. Watu wanadhani mchezaji wa kulipwa anaishi kama malkia. Sisi wanawake tulifanya mazoezi wanaume wakishamaliza, jasho lao bado liko sakafuni. Tulisafiri ndege ikibaki na nafasi. Mwenzetu mmoja alijifungua, na aliporudi alikuta jezi yake amepewa mtu mwingine. Nilikuwa nagombana na viongozi kila msimu, na kila msimu walinirudisha kwa kuwa nilikuwa nafunga. Baadaye ikaja Luanda. Huko nilipewa chumba changu mwenyewe, na goti langu la kushoto likaanza kuvimba kila baada ya mechi.

Kikwembe kilinifuata kote huko. Firimbi ya mwisho ikilia, nakitoa ndani ya mfuko na kukifunga juu ya kaptura kabla hata ya kunywa maji. Wenzangu wa Luanda walinicheka hadi wakachoka.

"Unaenda soko gani?" walikuwa wananiuliza.

Nilikuwa nawajibu kwamba naenda soko la mama zao, na mambo yanaishia hapo. Ukweli ni kwamba mkono ulikwenda wenyewe. Papa alikuwa mbali sana nami, ng'ambo ya misitu na mito, na bado nilikuwa namsikia akikohoa langoni.

Simu zilipokuja na video, nilidhani tatizo limekwisha. Nikatuma mechi nzima kwenye simu ya dada yangu. Papa akaichukua simu, akampa mama, akageuza kiti chake kuelekea ukutani. Mama aangalie, amwambie. Nilikuwa nawasikia nikipiga kwenye simu ya mama, huku ile ya dada yangu inaonyesha mechi.

"Sasa bamemupa mupira," mama anasema. "Sasa anakimbia. Eh! Huyu mubaya anamusukuma mutoto ya batu!"

"Iko mbali ao karibu?" papa anauliza.

"Na nani?"

"Na kikapu, mama!"

"Minajua? Iko pale."

Papa alikuwa anapandwa na hasira, mama naye anamwambia basi geuka uangalie mwenyewe. Hapo kiti hakigeuki. Mimi Luanda nilikuwa nacheka, nikiisha kukata simu najisikia vibaya.

Kisha macho yakaanza. Mama ndiye aliyegundua, kwa sababu papa hakusema. Alikuwa anamimina chai pembeni ya kikombe. Huko Birere, ambako pikipiki zinakuja kutoka kila upande, alianza kugongwa na vitu ambavyo wengine wote waliviona. Dada yangu akampeleka hospitali, na daktari akasema ni presha ya macho. Pembeni huondoka kwanza, kisha dirisha linazidi kuwa dogo, na kilichokwisha kuondoka hakirudi. Kuna matone ya kutia kila siku ili kuchelewesha kilichobaki. Mama alinieleza hayo kwenye simu kwa sauti ya kawaida kabisa, kama vile papa amepata mafua.

Mimi sikulala vizuri tangu habari hiyo. Nilimhurumia papa, bila shaka, lakini wazo lililonikaa kichwani lilikuwa moja: hajaniona. Goti langu limekwisha, macho yake yanakwisha, na hatujakutana uwanjani hata siku moja.

Msimu ulipomalizika nikarudi Goma. Nilimkuta papa amekaa uani, redio imezimwa. Alinigeuzia uso mzima, kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo, mpaka akanipata.

"Papa," nikamwambia, "nataka unione nikicheza. Mara moja tu. Kabla ya..."

Sikuweza kumaliza. Yeye akavua miwani, akaisafisha kwa upindo wa shati, akaivaa tena. Akaniambia maneno ambayo nadhani alikuwa ameyapanga kwa miaka, maana hayakumchukua muda.

"Ukivaa kitu ya kufika kwa kifundo ya muguu, nakuya."

Nilitaka kuruka. Kulikuwa na mashindano ya klabu za mji, yangechezwa pale pale Majengo, na timu yangu ya zamani ilikuwa imeniomba niwachezee mechi hizo kabla sijarudi Luanda. Kolan, zile suruali za kubana, zipo kila mahali. Lakini mchezo wetu una sheria yake: mchezaji hawezi kuvaa kolan ya rangi yake peke yake, wote wanaovaa lazima wafanane. Mwamuzi mmoja wa Kinshasa aliwahi kunilazimisha kuivua yangu mbele ya watu. Kwa hiyo nilikwenda Birere, kwa mama mmoja wa mitumba, nikapekua rundo lake mpaka nikapata kolan nyeusi za kutosha timu nzima. Mama yule aliniuliza kama nafungua shule ya masista.

Nikazipeleka mazoezini ndani ya mfuko. Wasichana wakaziangalia kama nimewaletea dawa ya minyoo. Mdogo wao, yule anayepanga mchezo, ambaye tunamwita kifupi na ana mdomo mrefu, ndiye aliyesema.

"Yaya," akaniita, yaani dada mkubwa, "na hii jua yote?"

"Ni juu ya papa yangu," nikasema. "Hajaniona bado nikicheza. Na macho yake inaisha."

Mmoja akasema papa yake naye hajawahi kuja hata siku moja. Mwingine akasema wake anakuja, lakini anakaa nje kwenye gari la rafiki yake. Sikujua hayo. Nimecheza maisha yangu yote nikidhani ukuta ule ni wa papa yangu peke yake. Yule kifupi akachukua kolan, akaipima kiunoni, akasema ni ndefu, ataikunja.

Nyumbani, mama alikuwa ameshatoa koti la papa la Noeli na kulianika juani ili harufu ya kabati itoke. Papa alikuwa anauliza maswali ambayo karani tu ndiye anayeuliza: benchi liko upande gani, jua linatoka wapi saa hiyo, atakaa wapi ili kikapu kiwe mbele ya macho yake moja kwa moja, kwa sababu pembeni haoni. Nilimchorea uwanja kwa kidole mkononi mwake. Akasema anaujua, amekaa nyuma yake miaka mingi kuliko mimi nilivyokaa ndani.

Mashindano hayakuchezwa. Wiki ile ile vita vikaingia mjini. Wengine wameshavisimulia vizuri kuliko mimi, na wengine hawatapata nafasi ya kuvisimulia. Mimi nitasema tu tulivyolala kifudifudi kwenye korido, mama anasema rozari kwa sauti, papa katikati yetu amevaa koti lake la Noeli kwa sababu ndilo lililokuwa karibu. Maji yalikatika, umeme ukakatika. Kulipotulia, mji ulikuwa na wenyewe wengine, uwanja wa ndege umefungwa, benki zimefungwa, na watu wanatembea barabarani polepole wakiangalia chini.

Nilipofika Majengo nilikuta uwanja umejaa familia. Magodoro, sufuria, watoto, moto unawaka juu ya mstari wa mitupo ya bure. Walikuwa wamekimbia kutoka vijijini kwanza, kisha wakakimbia kutoka kambini, sasa wamefika hapa. Mtoto mmoja alikuwa amelala chini ya kikapu, mdomo wazi. Nilisimama mlangoni na mfuko wangu wa kolan begani. Nilikuwa na uso gani wa kuwaambia kitu? Nikarudi nyumbani.

Matone ya papa yaliisha. Maduka ya dawa mengine yalikuwa yameporwa, mengine yamefungwa na wenyewe. Mpaka wa nchi jirani ulipofunguka, dada yangu akavuka hadi Gisenyi kuyatafuta, lakini tayari zilikuwa zimepita wiki. Papa alisema haidhuru, anaona vizuri tu. Alitembea nyumbani bila kugusa ukuta, akaketi mezani, akachukua kikombe chake mahali pake. Tukamwamini, kwa sababu tulikuwa tunataka kumwamini.

Klabu ya Luanda ikanipigia. Kuna njia ya kupita Kigali, walisema, wenzako wamekwisha kuanza mazoezi, njoo ama tutafute mwingine. Kwa umri wangu na goti langu, nilijua hakuna klabu nyingine baada ya hiyo. Nikawaambia watafute mwingine.

Mama alisikia. Alitoka jikoni na mwiko mkononi.

"Bamekuroga?"

"Nina mechi hapa, mama."

"Mechi gani? Terè yenu ya mupira, batu banalala mule!"

Alisema kweli. Mimi mwenyewe nilijiona mjinga, na ujinga ule ulinikasirisha, na nilipokasirika nikazidi kukaza shingo. Nilikuwa naamka asubuhi nakimbia hadi Majengo na kurudi, goti linauma, wanaume wenye bunduki wananiangalia nikipita. Nilikuwa nafanya mazoezi kwa ajili ya mechi ambayo haipo.

Baadaye familia zile ziliambiwa zirudi makwao, kama kuna makwao. Zikaondoka na magodoro yao. Uwanja ukabaki na madoa meusi ya moto, na kikapu kimoja hakina chuma, mtu alikikata akaenda kuuza ama kupikia. Wasichana wangu nao walikuwa wametawanyika. Mmoja Bujumbura, mmoja Uganda, mmoja hatujui alipo hadi leo. Yule kifupi alikuwa amebaki. Yeye ndiye aliyepita nyumba kwa nyumba kukusanya waliobaki, akapata na wengine wa mtaa wa pili wa kucheza dhidi yetu. Fundi mmoja wa Birere alituchomea chuma kingine cha kikapu. Tukakubaliana Jumamosi mchana, ili kila mtu awe kwake mapema.

Nilimfuata papa uani.

"Papa, ni Jumamosi. Majengo."

"Nitakuya," akasema.

"Kolan ziko. Zote ziko, nimezitunza."

"Hata kama haiko."

Nilidhani amebadilika. Nilidhani vita vimemfanya aone kwamba paja si kitu, na moyo wangu ukaruka kwa furaha. Yeye akanyoosha mkono akatafuta wangu, akaukosa, akaupata.

"Mama," akaniambia, maana ndivyo anavyoniita akiwa na jambo, "mwangaza umeisha."

Alisema kwa upole, kama anayesema sukari imeisha.

"Tangu lini?"

"Mbele ya Pasaka kufika. Sikupenda mama yako alie Pasaka."

Nikaenda nyuma ya nyumba, nikapiga teke kidumu cha maji mpaka kikavuka ukuta wa jirani. Nilikuwa na hasira na kila mtu. Nilikuwa na hasira na wenye bunduki, waliokimbia na walioingia. Nilikuwa na hasira na papa aliyekohoa maisha yake yote, na mimi niliyefunga kikwembe maisha yangu yote, na hasira na adabu yetu nzuri ambayo haikumdhuru mtu ila sisi wawili. Jirani akauliza kwa sauti nani anatupa vidumu. Nikalia kidogo, nikaenda kuomba kidumu changu.

Jumamosi nilifika mapema. Nilikuwa nimeacha mfuko wa kolan nyumbani kwa yule kifupi tangu mazoezi ya mwisho, na njiani nikampigia kumwambia asihangaike kuubeba. Nikamweleza kwamba muzee haoni tena. Nilipoingia uwanjani nikawakuta wote wamesimama kwenye jua, kolan nyeusi mpaka kwenye vifundo, jasho linawatoka hata kabla ya mechi. Walikuwa wameazima zingine wakawapa na wale wa mtaa wa pili.

"Nilikuambia haoni," nikasema.

"Tulisikia, yaya," yule kifupi akajibu, akanitupia yangu. "Vaa, tunachelewa."

Mama na papa walikuja kwa miguu, mama amemshika kiwiko, papa ndani ya koti lake. Nilikuwa nawaona kutoka lango lililo wazi. Walipofika kwenye kijia, papa akageuka mwenyewe kuelekea nyuma ya ukuta. Miguu yake iliijua njia hiyo. Mama akamvuta taratibu, akamwambia leo ni huku. Papa akasimama kidogo, kisha akapita langoni, kichwa ameinamisha ingawa lango ni refu. Wakakaa kwenye benchi, mstari wa mbele.

Haikuwa mechi nzuri. Goti langu halikutaka, na wale wasichana wa mtaa wa pili walikuwa wepesi na wabaya, jinsi nilivyokuwa mimi. Watazamaji walikuwa wachache, wengi wao akina mama waliotoka mazoezi ya kwaya kanisani. Kila nilipopita karibu na benchi nilikuwa namsikia mama.

"Sasa ni yeye njo anao mupira. Ameukosa. Hapana, ameupata tena. Sasa anasemana na arbitri, ule wa firimbi."

"Anasema nini?"

"Matusi."

Karibu na mwisho nilichezewa vibaya nikaangushwa juu ya doa la moto. Mwamuzi akanipa mitupo ya bure, ile ile miwili. Nikasimama kwenye mstari. Nikaudunda mpira kwa nguvu, polepole kisha haraka, na sikumwangalia papa kwa sababu niliogopa. Wa kwanza ukagonga chuma, watu wakanyamaza. Wa pili ukaingia bila kugusa kitu. Akina mama wa kanisani wakapiga vigelegele, na hapo nikageuka. Papa alikuwa ameinua uso kidogo juu, pembeni ya kikapu, mahali ambapo hapakuwa na kitu. Alikuwa anapiga makofi.

Tulishindwa. Nilikwenda kwenye benchi na nilipofika nikagundua kwamba nimekwisha kufunga kikwembe juu ya kolan. Mama alikiona akatikisa kichwa. Nikakaa kando ya papa.

"Ilikuwa namna gani, papa?"

"Hii chuma haiko ile ya zamani."

"Ile batu baliiba. Hii ni mupya."

"Nimesikia. Inalia vibaya." Akapapasa benchi kwa kiganja, ubao wake, ukingo wake, kama anayekagua mzigo ulioingia depo. "Nilikuwa nafikiri hapa ndani ni kitu ingine. Kumbe ni sawa tu na kule kwa ukuta. Sauti ni ile ile. Hata ule mupira wako unapiga chini, ni ule ule."

Nikainama, nikafungua kamba za viatu vyangu.

"Ningekuya tu tangu zamani, mama," akasema. "Ningefunga macho."

Akaanza kucheka. Mama naye akacheka, na wasichana waliokuwa wanavua viatu hapo karibu wakacheka kwa sababu muzee anacheka, na papa akacheka mpaka akatafuta kitambaa mfukoni mwa koti, akajifuta uso mzima. Mimi sikucheka. Nilimshika mkono, tukangoja watu wapite kwanza, maana hakuwa amezoea kutokea mlango ule.